Nilivyoukaza Usukani wa Baba

Watu wa nyumbani bado wananishukuru kwa kuitengeneza pikapu ya baba, na kila wakinishukuru nafsi inanisuta. Juzi tu mama mmoja wa kanisani alinishika mkono pale nje baada ya ibada akaniambia mabinti kama mimi ni wachache siku hizi, wengine wakishapata kazi mjini hata baba hawamkumbuki. Nilisema asante. Ningemwambia nini? Ningeanza kumweleza, angeniona sina akili.

Kwetu ni upande wa Chepilat, juu kwenye mgongo wa mlima, ambako barabara ya marram inapita katikati ya mashamba ya majani chai na mvua ikinyesha inageuka uji. Baba aliinunua ile pikapu nikiwa bado shule ya msingi. Siku za kuchuma aliwabebea majirani majani kuyapeleka kituo cha chai, asubuhi alipeleka maziwa, na akina mama wajawazito wengi wamefika hospitali ya Kaplong wakiwa wamekaa pale mbele karibu naye. Lakini kazi aliyoipenda yeye mwenyewe ni ya ng'ombe. Mtu akitaka mtamba mzuri wa kufuga au wa kulipa mahari, alikuwa anamchukua baba wanaenda naye soko la Mulot. Baba hasemi mengi sokoni. Anamzunguka ng'ombe, anamshika kiwele, anamwangalia miguu anavyoiweka chini, halafu anaondoka kana kwamba hana haja naye. Wauzaji walimjua na walimchukia kidogo. Na akishanunuliwa, ni baba anayemleta nyumbani polepole, na ng'ombe hushuka bila hata mchubuko.

Sasa, usukani wa hiyo pikapu ulikuwa umelegea vibaya. Mafundi husema una plei. Ukiuzungusha kulia, ulizunguka tu bila kitu kutokea, magurudumu yakiwa bado yanafikiria, halafu ghafla yakaitika. Kwa hiyo hata ukiwa unaenda moja kwa moja ilikuwa lazima mikono isitulie, kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena. Baba alivyokuwa akiendesha ungedhani anapepeta wimbi. Mimi nilijaribu kuiendesha mara moja, nikaishia mtaroni, na mpaka leo ndugu zangu wakitaka kunikasirisha wanajua hadithi ya kuanza nayo. Kijiji kizima kiliicheka. Waliipa majina, wakaiita mlevi, wakasema inatoka kunywa busaa, na baba alicheka pamoja nao.

Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na mwaka huu mvua ndefu zilipoanza zilinipandisha kabisa. Nilikuwa nimekuja nyumbani wikendi, nikapanda na baba kupeleka maziwa. Pale tunapoteremka kuelekea darajani, pikapu ikaanza kuvuta upande wa majani. Baba akazungusha usukani, wapi. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kikapu chake cha kuchumia akarukia ndani ya chai, akazama mpaka kifuani. Tulisimama. Yule mama akajitoa huku akicheka, akimwambia baba kwamba mlevi wake leo amezidisha, na baba naye akacheka.

Nikampigia baba kelele. Mtu wa umri ule, baba yangu mzazi, mbele ya jirani. Nikamwambia ataua mtu na hilo debe lake, na siku hiyo asiniite kwenye mazishi. Yule mama aliacha kucheka, akaokota kikapu chake akaenda zake. Tulipofika pa kupokelea maziwa, baba alizima injini. Akasema tu, "Mama, gari yangu naijua." Huwa ananiita mama kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake.

Kuanzia hapo sikumpa nafasi. Kila nikipiga simu nilikuwa na hilo. Nikamwambia nitalipia kila kitu mimi mwenyewe, alete tu gari Kericho, fundi ninaye. Akasema mafundi wa mjini wanabadilisha vitu vizima. Akasema barabara ndiyo mbaya, gari haina shida. Akasema mvua ipungue kwanza. Mama alikuwa akimsikia akitoa hizo sababu na hakusema kitu, na mimi nikafikiri yuko upande wangu.

Kilichomshinda baba ni koito. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amepata mchumba kutoka upande wa Siongiroi, na familia mbili zilikuwa zimekubaliana siku ya hiyo sherehe ya mahari. Kwa ukoo wetu, ng'ombe wa kutangulia hapelekwi na mtu wa kukodi. Baba wa kijana humpeleka yeye mwenyewe, ili wakwe wamwone amekuja kwa mkono wake. Zamani walitembea naye kwa miguu. Baba alikuwa ameshawafanyia hivyo kaka zangu wawili kwa pikapu, akiingia bomani kwa wakwe akipiga honi, wanawake wakiimba, ng'ombe amesimama nyuma amevishwa majani ya sinendet, mmea wetu wa baraka. Kwa hiyo huyu alikuwa wa mwisho, na baba hakuwa na hadithi nyingine. Mtamba wenyewe alishamnunua Mulot, mwekundu, mwenye kipaji cheupe, na kila jioni alienda kumtazama.

Nikajua pa kumgusa, nikamgusa papo hapo. Nikamwuliza kama anataka kuingia kwa wakwe wapya gari ikiyumba, wajiulize binti yao anaolewa na watu gani. Wiki hiyo akampa mdogo wetu ufunguo aniletee gari.

Fundi wangu ana gereji yake pale Kericho, mwenyeji wa kule ziwani, mtu wa maneno mengi na majigambo. Aliinua pikapu kwa jeki, akatikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili, likacheza, akawaita majirani zake waje waone. Akaniuliza huyo mzee anaendesha kwa maombi ama namna gani. Vile viungo vya mbele vinavyounganisha usukani na magurudumu vilikuwa vimeisha, bushi zimeliwa, shoki zinavuja mafuta, na tairi za mbele hata hazikulingana. Vyote vikatoka, vikaingia vipya. Gea boksi ya usukani akaifungua, akaikaza. Kule nyuma akaondoa springi moja iliyovunjika, akaweka nyingine, ili gari isiruke mkia kwenye mashimo. Mwishoni ikapelekwa kupimwa magurudumu yanyooke, upepo ukajazwa kulingana na mzigo. Fundi akafuta mikono akaniambia sasa hii hata ukiwaza tu kulia, inaenda kulia.

Na ilikuwa kweli. Niliirudisha nyumbani mimi mwenyewe, na ile barabara inayokatiza kwenye mashamba makubwa ya chai sijawahi kuifurahia hivyo. Kona ikija, unagusa kidogo, inaingia. Unaachia, inajirudi. Haiyumbi, hailali upande. Niliimba njia nzima. Nilijiona mtoto wa maana sana siku hiyo, mtoto ambaye baba yake ataishi miaka mingi kwa ajili yake, na aibu ya kujiona hivyo haijanitoka.

Baba aliizunguka kama anavyomzunguka ng'ombe wa kuuzwa. Akaingia, mama akaingia, na mimi nikajibana pembeni mlangoni, tukaondoka kuelekea kituoni.

Hatukufika mbali. Pikapu ilitetemeka. Ilikuwa inakwenda mbele huku inakata kulia, inakata kushoto, vipande vidogo vidogo vya haraka, kama mtu anayekosea hatua. Mama akashika dashibodi. Baba akapunguza mwendo, ikaendelea. Akakaza mikono, ikazidi. Mwanzoni nilidhani fundi ameniuza, nikawa tayari natafuta simu nimtukane. Baba akakanyaga breki katikati ya barabara.

"Fundi wako ameiharibu," akasema. "Ilikuwa nzuri. Sasa imekuwa kichaa."

Nikamwambia ashuke nijaribu. Nikaishika mimi, nikaendesha mpaka kituoni, nikageuza, nikarudi. Ilinyooka kama ilivyonyooka kutoka Kericho. Na mimi, kwa mdomo huu wangu usiojua kupumzika, nikaachia usukani kabisa nikainua mikono juu ili aone, nikamwambia, "Baba, angalia. Si unaona? Gari haina shida yoyote."

Nikageuka nimwangalie, nikaona mikono yake. Ilikuwa juu ya magoti, na ilikuwa inatetemeka. Ule wa kulia zaidi, kidole gumba kikisugua kidole cha pili bila kukoma. Aliona ninaitazama, akaiweka chini ya koti. Mama alikuwa anaangalia majani chai nje ya dirisha.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Ule ulegevu wote wa usukani ndio uliokuwa unameza mtetemeko wake. Mikono ilitetemeka ndani ya ile plei, magurudumu hayakupata habari. Na kwa kuwa gari yenyewe ilimtaka kila mtu achezeshe mikono, nani angejua kwamba mikono ya baba haichezi kwa sababu ya gari? Nilikuwa nimekaa kando yake miaka yote hiyo nikilaumu chuma.

Jioni nilimfuata mama jikoni. Sikuwa mpole. Nikamwuliza amejua tangu lini na kwa nini hakuniambia. Alikuwa anamimina chai, akanionyesha kikombe cha baba: nusu. Akasema kwani sijawahi kuona kwamba baba yangu siku hizi anamiminiwa nusu kikombe asimwage, akimaliza anaongezwa nusu nyingine? Nilikuwa nimekuja nyumbani mara ngapi nikanywa chai naye meza moja? Nilikuwa nimeona, ndiyo. Nilidhani ni mama anabania maziwa.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimfanyisha vitu vidogo vidogo, kugusa pua, kuandika, kufungua na kufunga kiganja, kisha akatupa jina la ugonjwa, na dawa, na maneno ambayo nilishayajua kabla hajayasema. Asiendeshe tena. Baba alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akamshika mkono. Njiani kurudi, mimi nikiwa nyuma ya usukani, alinisifu kwamba kona naziingia vizuri. Nililia bila kutoa sauti kuanzia Litein mpaka nyumbani, na sidhani hakuona.

Siku chache kabla ya koito alinikuta naosha pikapu. Akasimama kando akiangalia maji yakitiririka. Halafu akaniuliza kama yule fundi anaweza kuurudisha usukani ulivyokuwa. Kidogo tu, akasema, ile plei ya zamani, ampeleke ng'ombe Siongiroi, halafu nikaze tena na yeye hataigusa. Aliomba. Sijawahi kumsikia baba akiniomba kitu maishani, huwa anasema na mimi nafanya.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia ikishakazwa imekazwa. Ni uongo mtupu. Fundi yeyote wa pale Chepilat angeilegeza akiwa amelala chini na spana moja, kabla hata chai haijachemka. Baba anajua magari kuliko mimi, kwa hiyo alijua ni uongo, akaitikia kwa kichwa akaenda kumtazama mtamba wake. Nilibaki na ule mpira wa maji mkononi, nikijiambia kwamba nimefanya haki, kwamba barabara ina watoto na akina mama. Na ni haki. Nimeipima kila upande na bado ni haki. Mbona basi nilijisikia mwizi?

Siku ya koito tulimpandisha ng'ombe, tukamfunga vizuri. Mdogo wetu na wengine walipanda magari ya nyuma. Baba alivaa koti lake la kijivu na kofia, akakaa kwenye kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe, akawa hajui miguu aiweke wapi. Njiani hakuniingilia hata mara moja. Tulipita Sotik, majani chai yakaisha, yakaja mahindi, halafu ile nchi kavu ya Chepalungu yenye miiba na ng'ombe wengi, na pikapu ilikwenda vizuri mno na mzigo wake. Kwenye matuta nilisikia ng'ombe akisogeza miguu nyuma, mara moja tu, halafu akatulia. Ningekuwa na baba mwingine ningejivuna.

Karibu na boma la wakwe, kabla ya kona ya mwisho, akaniambia nisimame. Nilijua anachotaka kabla sijazima injini. Wanawake walishaanza kuimba kule langoni. Watoto walikuwa wametusikia, wamejaa barabarani pande zote mbili mpaka kwenye ua, wadogo kwa wakubwa.

"Nipe hapa tu," akasema. "Mpaka ndani. Si mbali."

"Baba, kuna watoto."

Akawaangalia wale watoto. Alipoongea tena aliongea kwa lugha yetu, taratibu, bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Walikuwa wanaicheka gari," akasema. "Na mimi nilikuwa naicheka pamoja nao. Ndiyo maana sikutaka uitengeneze, mama. Sasa hakuna kingine cha kucheka."

Nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema hakuna atakayemcheka, nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyoachia usukani nikainua mikono juu. Baba akafungua mlango kwa shida, komeo likamponyoka mara mbili, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Akashuka, akavuta koti, akaingiza mikono yote miwili mifukoni. Akasema kama ni hivyo atampeleka ng'ombe kwa miguu, kama baba yake alivyofanya, na mimi nimfuate na gari.

Basi nikamfuata. Watoto walimpisha. Wanawake wakaongeza sauti walipomwona mzee anatangulia mbele ya gari lenye ng'ombe, wakadhani ni heshima ya zamani, na wengine wakapiga vigelegele. Alitembea vizuri, mabega yamenyooka, na kwa muda nikaanza kupumua.

Pale langoni baba wa binti alikuwa amesimama na wazee wake. Akaja mbele akitabasamu, akamsalimu kwa chamgei, akanyoosha mkono.

Baba alichelewa. Mkono wa mkwe ukabaki hewani, na wimbo ukaanza kupungua, kwanza wale wa mbele, halafu wa nyuma. Kisha akautoa wake mfukoni, ukaonekana na kila mtu, akampa. Yule mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaukaza, hakuuachia. Mimi nilikuwa nyuma yao kwa gea ya kwanza, usukani umetulia mikononi mwangu, na pikapu haikuyumba hata kidogo.